Somo: Kuchagua shokapu za nyuma na springi kwa pikipiki za traio za zamani

Swali ni lilelile kila mara: "Mkuu, nimepata Sherpa T ya Bultaco (au TY175 ya Yamaha, au Cota ya Montesa), shokapu zimekufa, ninunue za kampuni gani?" Najibu hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza huku. Kampuni ni jambo la mwisho. Uzito wako, urefu wa shokapu na ugumu wa springi ndivyo vinavyoamua.

Nazungumzia zenye shokapu mbili nyuma, tangu Bultaco walipotoa Sherpa T mwishoni mwa 1964 mpaka Yamaha walipoleta TY ya shokapu moja miaka ya 1980. Kazi yake ni kupanda mawe na kuvuka vijito bila mguu kugusa chini, na mwendeshaji husimama muda wote. Kwa hiyo usipime chochote ukiwa umekaa.

Hatua ya 1. Jipime uzito ukiwa na buti, kofia na nguo za kuendeshea.

Hatua ya 2. Tikisa swingamu kwa pembeni. Bushi zikiwa zimelegea, badilisha kwanza.

Hatua ya 3: urefu. Hapa tulieni. Pikipiki nyingi ninazoletewa zimeharibikia hapa. Pima kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, shokapu ikiwa imenyooka yote. Usinunue kwa kipimo cha pikipiki ya mwenzako hata kama ni ya aina moja, maana fremu nyingi za umri huu zimeshachomelewa na masikio ya kufungia shokapu yamehamishwa. Ukiweka ndefu zaidi nyuma inainuka na uma wa mbele unasimama wima zaidi. Pikipiki inakata kona fupi vizuri, na wengi huongeza kidogo makusudi, lakini ukizidisha, kwenye mteremko usukani unataka kujikunja wenyewe na cheni inaanza kula swingamu kwa juu.

Urefu wa shokapu ikiwa imebonyea yote una hatari kubwa kuliko huo. Ikibonyea kupita ile ya asili, tairi linagonga madigadi, eksozi au boksi la ea-klina, na utalijua hilo siku unayotua kwa kishindo kutoka juu ya jiwe. Basi kabla ya kufunga moja kwa moja: vua springi, funga shokapu tupu, weka fremu juu ya boksi, inua gurudumu kwa jeki mpaka shokapu igote, lizungushe kwa mkono ukiangalia kila upande. Ukiwa hapohapo, shusha gurudumu polepole mpaka spoketi ya mbele, bolti ya swingamu na ekseli vikae kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapokaza kuliko kote, na hapo ndipo pa kupimia ulegevu wake.

ONYO: springi ivuliwe kwa kifaa cha kubania springi, kamwe si kwa bisibisi. Ikiruka inavunja mkono. Na shokapu ya gesi usiifungue nyumbani.

Hatua ya 4: springi. Namba unazoziona, 40, 50, 60, ni pauni zinazohitajika kuibonyeza inchi moja. Kwa kilo: ya 50 inabonyea milimita 10 kwa takriban kilo 9, ya 40 kwa kilo 7, ya 60 kwa karibu kilo 11. Kwa pikipiki za Kihispania na za Kijapani mimi huanzia hivi, kwa uzito wako wa hatua ya 1: chini ya kilo 70 weka 40, kati ya 70 na 90 weka 50, zaidi ya hapo 60. Ya Kiingereza yenye uzito mkubwa kama Ariel HT5, panda daraja moja.

Hatua ya 5: kubonyea. Pima kutoka ekseli hadi alama kwenye fremu mara tatu: gurudumu likining'inia, pikipiki ikiwa chini peke yake, na wewe ukiwa umesimama kwenye vikanyagio, mtu amekushikia usukani. Ukisimama, nyuma ishuke kama theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Mwendo ukiwa milimita 120, ishuke 40. Sasa hili linachanganya watu wengi: kama kipimo chako ni sawa ukiwa juu, lakini bila wewe pikipiki haishuki hata kidogo, springi ni LAINI mno na ringi (ile inayoibana springi kwenye shokapu) umeikaza kupita kiasi. Kukaza ringi kunainua nyuma tu, ugumu wa springi unabaki uleule.

Hatua ya 6. Kandamiza kiti, achia. Irudi mara moja itulie. Ikirusha, gurudumu litakupiga teke kwenye jiwe la ngazi. Ikirudi kivivu, itazidi kuzama kila jiwe linalofuata.

Maswali

Njoro_TY: Mkuu kampuni gani nzuri?

Mwandishi: Rudi aya ya kwanza.

Njoro_TY: Nimesoma. Za Boxer zinaingia kwenye TY175? Hapa Nakuru ni bei nafuu.

Mwandishi: Zimetengenezwa kubeba abiria na mzigo. Kwa mtu mmoja kwenye mawe zitakuwa ngumu mno, hata zikiingia. Na uzito wako hujautaja.

Salim_Maskati: Assalaam alaikum ustadh. Sherpa yangu shokapu zimelazwa mbele, ya rafiki yangu zimesimama. Uzito wetu sawa, springi 50 sote, lakini yangu inazama sana kwenye mawe ya wadi (bonde la mto mkavu). Sababu nini?

Mwandishi: Waalaikum salaam shekhe. Swali zuri sana. Inua gurudumu milimita 100 uone shokapu imebonyea ngapi. Tuseme 80. Uwiano ni 0.8, nao unauzidisha kwa wenyewe, unapata 0.64, kwa sababu hasara ni mbili: springi inabonyea kidogo kuliko gurudumu linavyopanda, na nguvu yake inafika kwenye gurudumu ikiwa imepungua. Gurudumu lako linaisikia 50 kama 32. Yake ikiwa 0.95, anapata 45. Kumfikia unahitaji karibu 70. Jaribu 60 kwanza, kisha rudia hatua ya 5, na utuletee vipimo.

dogo_speed: Springi yangu ngumu, nikikata koili moja si italainika?

Mwandishi: Hapana. Itakuwa ngumu zaidi.

dogo_speed: Mbona fundi alikata za gari ikashuka?

Mwandishi: Imeshuka kwa sababu springi ni fupi. Kushuka si kulainika. Zikiwa koili 12 zinazofanya kazi ukabakiza 10, ugumu umepanda kwa asilimia 20. Usikate.

Neema_A: Kaka, mimi kabla ya kugusa springi nilishusha upepo wa tairi la nyuma kutoka pauni 12 hadi 5, pikipiki ikaanza kushika mawe.

Mwandishi: Dada Neema, asante, wengi wanailaumu shokapu kumbe ni upepo. Pauni 4 hadi 5 nyuma, kwa tairi halisi la traio. Mwenye tyubu afunge kibano cha tairi kwenye rimu, la sivyo tairi linateleza na kung'oa vali. Na ujaze kabla ya kuingia barabarani.

fundi_tanga: Zangu za zamani hazina namba. Nazijuaje?

Mwandishi: Weka springi juu ya mizani ya kujipimia watu, chini ya mashine ya kutobolea yenye meza imara. Ibane kidogo itulie, soma kilo. Ibonyeze inchi moja zaidi, soma tena. Tofauti zidisha kwa 2.2. Kisha rudia inchi ya pili; ikiongezeka, koili hazikusukwa kwa nafasi sawa. Pima na unene wa waya pia: wa milimita 7 badala ya 6, mengine yote yakiwa sawa, unakaribia kuongeza ugumu maradufu.

fundi_tanga: Nimepima. Moja tofauti kilo 26, nyingine 21. Inchi ya pili ileile.

Mwandishi: Yaani 57 na 46. Hizo si jozi. Una kilo ngapi?

fundi_tanga: 82 na buti. Ni Cota.

Mwandishi: Nunua 50 mbili.