Vigunduzi vya Gesi na Moshi Ndani ya Karavani: Mahali pa Kuvifunga na Namna ya Kuvitunza

Ndani ya karavani, jiko, mabomba ya gesi, betri na vitanda hukaa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine, na usiku wa baridi madirisha yote hufungwa. Kwa sababu hiyo, gari hilo linahitaji kigunduzi cha moshi, cha gesi ya kupikia na cha kaboni monoksidi (gesi yenye sumu), kila kimoja mahali panapolingana na tabia ya hatari kinayoisaka.

Anza na gesi ya mtungi, yaani propani au butani. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, na butani kwa takriban mara 2, kwa hiyo gesi inayovuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya makabati na vitanda. Propani ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuiwasha. Kigunduzi chake basi hufungwa chini ukutani, karibu na sakafu, pasipozibwa na mabegi wala mapazia. Vigunduzi vingi vya aina hii hutumia umeme wa betri ya gari wa volti 12; ukiikata betri wakati wa kulihifadhi gari, kigunduzi nacho huzimika, na ni lazima uhakikishe taa yake imewaka kabla ya kufungua mtungi.

Cha moshi hufungwa darini, mbali kidogo na jiko ili kisilie kila unapokaanga, kwa maana kigunduzi kinachosumbua ndicho watu hukitoa betri, kisha wakalala bila ulinzi.

Kaboni monoksidi ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa haina rangi wala harufu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo huchanganyika chumbani kote, na kigunduzi chake kinafaa kuwa karibu na vitanda, kwa kimo alichoelekeza mtengenezaji. Gesi hii hutoka penye moto usiopata hewa ya kutosha: hita mbovu, jenereta (hata ya jirani aliyeegesha karibu nawe), na jiko la mkaa, ambalo halipaswi kamwe kuingizwa ndani, hata makaa yakionekana yamefifia.

Bonyeza kitufe cha majaribio kabla ya kila safari na kila wiki mkiwa njiani. Hata hivyo, mlio huo huthibitisha umeme na king'ora tu, wala hauonyeshi kwamba kihisio, yaani sehemu inayonasa gesi au moshi, bado ni kizima. Soma tarehe iliyoandikwa nyuma: cha moshi hubadilishwa baada ya miaka 10, na vya gesi mara nyingi baada ya miaka 5 hadi 7. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, na usipulizie dawa ya wadudu wala manukato karibu navyo.

Kigunduzi cha gesi kikilia, zima moto wowote, usiguse swichi yoyote, toa watu wote nje ukiacha mlango wazi, kisha funga mtungi kama unafikika kwa usalama. Kikilia cha kaboni monoksidi, tokeni mara moja hata kama hakuna harufu, na anayeumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu apelekwe hospitali. Msirudi ndani kulala mpaka fundi apate chanzo na kukirekebisha.