Aliyelawitiwa akiwa jeshini: namna ya kuzuia faili lisilale

Tiba kwanza. Kama tukio halijapita saa 72, dawa za kuzuia VVU zinaanzwa sasa hivi na kumezwa siku 28 bila kuruka. Usioge. Nguo ziweke kwenye bahasha ya khaki, kwa sababu mfuko wa plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Hospitali ya Amana, Ilala, Dar es Salaam, ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, yaani tiba, polisi na ushauri mahali pamoja. Ukiwa na damu au maumivu makali, tibiwa huku ndugu yako akifuatilia PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, kituoni.

Kama tukio ni la miaka ya nyuma, usisubiri faili likamilike ndipo uanze ushauri nasaha. Kukosa usingizi, hasira na pombe havingoji muhuri.

Polisi, omba Dawati la Jinsia na Watoto. Usigeuke ukaondoka kwa sababu ya jina lake, wanaume pia wanahudumiwa hapo. Kwenye maelezo ndipo mafaili mengi huharibika. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinazungumzia ubakaji wa mwanamke au msichana, kwa hiyo shauri la mwanamume aliyelawitiwa huangukia kifungu cha 154, ambacho humwadhibu pia aliyekubali. Ndiyo maana maelezo yataje wazi kilichokulazimisha: silaha, kipigo, vitisho, amri ya mwenye cheo. “Tulifanya” ni neno la kukuangamiza. Ukiulizwa kama mwili ulisisimka, sema kweli. Mwili huitikia bila hiari, na hiyo si ridhaa. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini.

Ondoka na namba ya RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi) na jina la mpelelezi. PF3 ikishajazwa, hakikisha daktari ameandika jeraha liko wapi, tarehe, jina lake na muhuri, kisha toa nakala kabla ya kuirudisha. PF3 iliyoandikwa “maumivu” tu haimsaidii mwendesha mashtaka.

Mstaafu aongeze cheti cha kuachishwa utumishi, namba ya utumishi, kikosi, miaka aliyokuwepo, na karatasi za zahanati ya kikosi hata kama zinataja ugonjwa mwingine. Homa au bawasiri iliyotibiwa wiki ileile si uthibitisho peke yake, lakini inaweza kuunga mkono maelezo yako.

Usifuatilie kwa mdomo. Andika barua yenye namba ya RB na ombi moja tu, chapa nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi, mwandikie mkuu wa upelelezi wa wilaya, halafu kamanda wa mkoa wa kipolisi, kwa Dar es Salaam: Ilala, Kinondoni au Temeke. Kila barua iambatane na nakala ya iliyotangulia.

Ofisi ikiendelea kunyamaza, peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hutozwi ada. Nenda kabla shauri halijafika mahakamani, kwa kuwa likishafika huko Tume haiwezi kulichunguza. Asiye na wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.