Shogayaki: nguruwe wa tangawizi kwa mpishi aliyeko Japani

Kwa mwanafunzi au mfanyakazi anayeishi Japani kwenye chumba chenye jiko la moto mmoja, pishi la kwanza ninalomshauri ajifunze ni shogayaki: nyama ya nguruwe iliyokatwa vipande vyembamba, ikakaangwa kwa tangawizi na sosi ya soya. Wenyeji huipika majumbani na huikuta kwenye migahawa ya chakula cha mchana, na aliyezoea kitimoto rosti hataona ladha ngeni sana. Kilicho tofauti ni muda. Kwetu nguruwe huchemshwa kwanza, kisha hukaangwa taratibu. Hapa anakaa motoni dakika chache tu, na ukimzidisha anakauka.

Supamaketi tafuta herufi 豚 kwenye pakiti, ndiyo nguruwe. 牛 ni ng'ombe, 鶏 ni kuku. Pakiti yenye maneno しょうが焼き用 imekatwa kwa ajili ya pishi hili hili. Mfuko ukibana chukua 豚こま切れ, vipande vidogo visivyo na umbo maalumu: ni rahisi zaidi, na mimi navipenda kwa sababu huja na mafuta yake. Jioni duka likikaribia kufungwa, bidhaa nyingi hubandikwa stika za punguzo. 半額 maana yake nusu bei.

Kwa watu wawili, gramu 250 za nyama zinatosha. Kwenye bakuli changanya sosi ya soya, mirin (kilevi kitamu cha mchele cha kupikia) na sake (pombe ya mchele), kila kimoja vijiko 2 vikubwa, kisha kwangulia tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba. Usiloweke nyama humo kwa saa nyingi. Tangawizi ina kimeng'enya kinacholainisha nyama, na ikikaa mno nyama inakuwa kama uji. Dakika 10 zinatosha, ingawa mimi siloweki kabisa.

Waislamu wanaweza kutumia paja la kuku, lakini nguruwe si kikwazo pekee. Sake ni pombe, na mirin halisi ina kilevi cha karibu asilimia 14. Weka maji na sukari badala yake, na utafute sosi ya soya yenye nembo ya halali, kwa kuwa nyingi za kawaida zina kilevi kidogo.

Kipande chenye ukanda wa mafuta kichanje kwa kisu pale mafuta yanapokutana na mnofu, la sivyo kitajikunja kwenye kikaango. Nyunyizia nyama unga kidogo sana wa ngano ili sosi ipate pa kushika. Kaanga nusu kitunguu maji hadi kilainike, kiweke pembeni, kisha tandaza nyama bila kupandanisha. Geuza ikibadilika rangi. Hakikisha hakuna palipobaki na wekundu: nguruwe asiyeiva anaweza kuambukiza homa ya ini aina ya E, na tangu 2015 Japani imepiga marufuku migahawa kuuza nyama na maini mabichi ya nguruwe.

Sosi huingia mwisho. Ukiitia mapema, nyama itachemka badala ya kukaangika, na sukari ya mirin itaungua. Futa kwanza mafuta yaliyozidi kwa karatasi ya jikoni, rudisha kitunguu, mimina sosi moto ukiwa mkali na ugeuzegeuze kwa dakika moja hivi, mpaka iwe nzito na nyama ing'ae.

Pembeni weka kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama ya kachumbari. Iloweke kwenye maji baridi dakika 5 na uichuje vizuri. Usiiache, maana ndiyo inayokata mafuta na chumvi ya sosi. Wenyeji huila na wali mweupe na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa. Ukitaka ugali, ongeza vijiko 2 vya maji kwenye sosi upate mchuzi wa kuchovya.

Ukibeba kazini, acha nyama ipoe kabisa kabla ya kufunika chombo, na kabichi uifunge peke yake.