Kuotesha uvimbe wa saratani ya matiti kwa panya: hatua kwa hatua

Hapa tunatumia seli za saratani ya matiti ziitwazo MDA-MB-231, zilizotoka kwa mgonjwa mmoja mjini Houston, Marekani, miaka ya 1970. Hazina vipokezi vya estrojeni, projesteroni wala HER2 (protini inayochochea seli kukua), kwa hiyo huota bila panya kuwekewa homoni. Panya wawe majike wa NSG (aina ya panya wa maabara) wa wiki 6 hadi 8. Hawa hawana kinga ya kuzikataa seli za binadamu, ndiyo maana lazima wakae kwenye vizimba visafi mno. Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla hujaagiza hata panya mmoja.

Kwanza, hakiki seli. Usiruke hapa. Pima mikoplazma (bakteria wadogo mno wanaochafua seli za maabara), kisha thibitisha kwa DNA kwamba seli ndizo. Kwa miaka mingi maabara zilitumia MDA-MB-435 kama saratani ya matiti, kumbe vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni seli za melanoma, saratani ya ngozi. Wanyama wangapi walikufa kujibu swali ambalo halikuwa lao!

Pili, vuna. Vuna seli zikiwa zimefunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa. Weka tripsini (kimeng'enya kinachobandua seli) dakika chache, izime kwa media (kimiminika cha kukuzia seli) yenye seramu, zungusha kwa mashine ili seli zishuke chini, osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli). Hesabu kwa rangi ya tripani. Zilizokufa hugeuka buluu. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 90, usichome. Kuza upya.

Tatu, barafu. Wengi huharibikiwa hapa. Matrigel, jeli ya kushikilia seli, huganda ikipata joto, kinyume kabisa cha mafuta ya nazi, kwa hiyo iyeyushe usiku kucha kwenye friji, ikiwa ndani ya barafu. Poza pia mirija, ncha za pipeti na sindano. Kila panya apate seli milioni 1 ndani ya mikrolita 50, nusu PBS nusu Matrigel. Tengeneza ya ziada, maana nyingine hubaki kwenye sindano. Geuza mrija taratibu kabla ya kila kuvuta, kwani seli hutuama chini.

Nne, choma. Mlaze panya usingizi kwa isofloreni (dawa ya nusukaputi) juu ya mkeka wa joto, mpake marhamu ya macho, minya kidole cha mguu kuhakikisha hasikii. Nyoa kuzunguka chuchu ya nne. Iinue kwa kibanio, ingiza sindano ya geji 27 kutoka pembeni hadi kwenye mafuta yaliyo chini yake, sukuma polepole. Ukiwa mahali pake, kijivimbe cha mviringo hutokea na kubaki palepale. Kikitandaa bapa, umeishia chini ya ngozi. Andika hivyo kwenye daftari. Subiri sekunde chache ndipo uchomoe, la sivyo seli zitavuja.

Tano, pima mara mbili kwa wiki, mpimaji awe yuleyule: urefu mara upana mara upana, gawanya kwa 2. Uvimbe wa milimita 10 kwa 8 ni milimita za ujazo 320. Gawa makundi ya tiba kwa bahati nasibu uvimbe ukikaribia milimita za ujazo 100, si siku ya kuchoma.

Panya akipungua asilimia 20 ya uzito, akipata kidonda juu ya uvimbe, au akijikunja asile, muue bila maumivu siku hiyohiyo, hata kama grafu haijakamilika. Pamoja na uvimbe, chukua na mapafu pia, kwani seli hizi hupenda kusambaa huko.