Namna ya Kuonyesha Mipaka ya Ukubwa wa Chembe za Udongo kwenye Grafu za Programu za Uhandisi wa Udongo

Ripoti nyingi za uchunguzi wa udongo huambatanisha grafu ya ukubwa wa chembe yenye mstari mmoja tu, yaani matokeo ya sampuli, huku mipaka inayotakiwa na mkataba ikiwa imebaki kwenye kurasa za vigezo ambazo msomaji analazimika kuzitafuta mwenyewe. Mhandisi mshauri anayesubiriwa akubali au akatae mchanga ambao malori yamekwisha kuumwaga eneo la ujenzi, iwe ni Mbezi au Kigamboni jijini Dar es Salaam, anahitaji kuona sampuli na mipaka yake katika ukurasa mmoja. Karibu kila programu ya kuhifadhi takwimu za udongo inaweza kufanya kazi hiyo, mradi mipaka iingizwe kama takwimu na si kama mchoro uliobandikwa juu ya grafu.

Nitatumia mfano wa mchanga wa kuchuja maji nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo. Kigezo ni ASTM C33 ya Marekani kwa kokoto laini, yaani mchanga, ambacho kilitungwa kwa ajili ya zege lakini wahandisi wengi hukitumia pia kwa tabaka za kuchuja. Kigezo hicho kinataka asilimia 100 ipite kwenye chekeche la milimita 9.5, asilimia 95 hadi 100 kwenye 4.75, asilimia 80 hadi 100 kwenye 2.36, asilimia 50 hadi 85 kwenye 1.18, asilimia 25 hadi 60 kwenye 0.6, asilimia 5 hadi 30 kwenye 0.3, na asilimia 0 hadi 10 kwenye 0.15.

Anza kwa kuunda jedwali la pekee la vigezo ndani ya hifadhidata ya programu, lenye safuwima nne: jina la kigezo, upana wa tundu la chekeche kwa milimita, mpaka wa chini na mpaka wa juu. Kila chekeche lipewe safumlalo yake, kwa hiyo mfano wetu utakuwa na safumlalo saba. Wapo wanaoingiza mipaka kana kwamba ni sampuli mbili za kubuni ndani ya shimo la uchunguzi lisilokuwepo, kwa kuwa njia hiyo ni ya haraka. Naipinga kabisa, kwa sababu takwimu zikisafirishwa kwa mteja katika AGS, muundo wa faili wa kubadilishana takwimu za udongo, sampuli hizo za kubuni huingia kwenye kundi la GRAT, yaani jedwali la matokeo ya ukubwa wa chembe, pamoja na matokeo halisi ya maabara, na anayezipokea hana namna ya kuzitambua.

Upana wa tundu uandikwe kwa milimita hata pale kigezo kinapotumia namba za machekeche, ambapo namba 4 ni milimita 4.75, namba 40 ni 0.425 na namba 200 ni 0.075. Hakikisha pia kwamba kompyuta inatumia nukta kwa desimali na si mkato, kwa kuwa mipangilio ya lugha ya kompyuta iliyotoka nchi nyingine inaweza kuifanya 0,425 isomwe kama 425, na mstari ukaruka nje ya grafu.

Jambo linaloharibu grafu nyingi kuliko yote ni kisanduku kitupu. Vigezo vingine huweka mpaka kwa chekeche moja na kuliruka linalofuata, na mwingizaji, kwa kutaka jedwali lionekane limekamilika, huandika sifuri mahali ambapo hapana mpaka. Programu hutii: mpaka wa juu uliokuwa ukishuka vizuri kutoka 100 hadi 85 huporomoka ghafla hadi chini ya grafu kisha hupanda tena hadi 60, na sampuli nzuri huonekana imevuka kigezo. Pasipo na mpaka, kisanduku kiachwe wazi, kisha uthibitishe katika mipangilio ya grafu kwamba programu inaruka nafasi tupu na kuunganisha nukta zinazofuata. Sifuri ni thamani halali pale tu kigezo chenyewe kinapoitaja, kama mpaka wa chini wa chekeche la 0.15 katika mfano wetu. Sifuri katika safuwima ya upana wa tundu haifai kamwe, kwa sababu mhimili mlalo hutumia skeli ya logarithimu, ambayo haina sifuri. Kwa hiyo mchanga uliobaki kwenye sinia chini ya machekeche haupewi nukta yake kwenye grafu.

Baada ya jedwali, fungua kiolezo cha grafu na uongeze mistari miwili inayochota takwimu zake kwenye jedwali hilo, mmoja kwa mpaka wa chini na mwingine kwa mpaka wa juu, ikitumia mihimili ileile ya sampuli. Katika jedwali la sampuli ongeza safuwima moja ya kutaja jina la kigezo kinachohusika, ili sampuli ya mchanga wa kuchuja ivute mipaka yake na sampuli ya changarawe ya barabara ivute ya kwake. Jina liandikwe sawasawa katika majedwali yote mawili, kwani nafasi moja ya ziada inatosha kufanya mipaka isionekane. Nukta ziunganishwe kwa mistari iliyonyooka. Ukichagua mstari laini uliopinda, programu itabuni mipaka kati ya machekeche ambayo hakuna mkataba ulioitaja, na wakati mwingine itaupandisha mstari juu ya asilimia 100.

Kwa mwonekano, tumia mistari myembamba ya vipande vipande kwa mipaka na mstari mzito wenye alama kwa sampuli. Rangi zisibebe maana peke yake, kwa kuwa ripoti nyingi za hapa mjini huishia kutolewa nakala nyeusi na nyeupe kwenye steshenari kabla ya kufika kwenye kikao cha ujenzi. Ufunguo wa grafu utaje kigezo, toleo lake na matumizi ya mchanga.

Tatizo jingine hutokea pale maabara na kigezo vinapotumia seti tofauti za machekeche. Seti ya kawaida ya BS 1377 ya Uingereza ina milimita 5 na 3.35, haina 4.75 wala 2.36. Usiihamishe nukta ya 5 na kuiweka kwenye 4.75, kila nukta ichorwe mahali pake halisi. Tuseme asilimia 97 imepita kwenye 5 na asilimia 89 kwenye 3.35: ukikadiria kwa skeli ya logarithimu utapata takriban asilimia 96 kwenye 4.75, juu kidogo tu ya mpaka wa 95. Uamuzi mwembamba namna hiyo usitegemee makadirio. Iombe maabara iongeze chekeche la 4.75 kabla ya kipimo, jambo ambalo halina ugumu likisemwa mapema.

Mistari ya mipaka haisemi kila kitu kilichomo kwenye kigezo. Chukua sampuli ambayo asilimia 100 imepita kwenye 9.5, kisha 98, 92, 82, 30, 12 na 4 kwa machekeche yanayofuata. Kwenye grafu mstari wake unakaa ndani ya mipaka mwanzo hadi mwisho. Moduli yake ya ulaini, yaani namba moja inayoonyesha kama mchanga kwa jumla ni laini au una chembe kubwa, ni 2.82, nayo imo ndani ya 2.3 hadi 3.1 inayotakiwa. Hata hivyo, kati ya 1.18 na 0.6 imebaki asilimia 52 ya mchanga wote, wakati C33 hairuhusu zaidi ya 45 kati ya machekeche mawili yanayofuatana. Mchanga huo una chembe nyingi mno za ukubwa mmoja, na jicho linalotazama mipaka peke yake litaupitisha. Kwa hiyo weka chini ya grafu kisanduku cha maandishi kinachokokotoa kiasi kikubwa zaidi kilichobaki kati ya machekeche mawili pamoja na moduli ya ulaini, kila kimoja kikiwa na mpaka wake kando. Kwa changarawe za barabara, kisanduku hichohicho kibebe moduli ya mpangilio, ambayo hupatikana kwa kutoa katika 300 jumla ya asilimia zinazopita kwenye 2, 0.425 na 0.075, kisha kugawanya kwa 100.

Kabla ya kutoa ripoti, chapisha grafu moja na uipime kwa rula: tafuta 0.6 kwenye mhimili mlalo, panda wima, na uone kama mistari ya mipaka inakatwa kwenye 25 na 60. Kagua pia upande ambao chembe kubwa zimewekwa, kwa kuwa grafu za Marekani kwa kawaida huziweka kushoto na za Uingereza kulia. Mipaka iliyoingizwa kama takwimu hugeuka pamoja na mhimili, ilhali picha iliyobandikwa hubaki ilivyokuwa.

Toleo jipya la kigezo likitoka, usiandike juu ya takwimu za zamani. Unda jina jipya lenye mwaka wa toleo na uliunganishe na sampuli za mradi mpya tu, ili grafu za miradi iliyokwisha kukabidhiwa, zikifunguliwa tena, zionyeshe mipaka ileile iliyokuwa kwenye mkataba wake.