Jinsi ya kuchagua darubini yenye ukuzaji mkubwa kwa uwindaji wa milimani

Kusini mwa jimbo la Arizona, Marekani, mwindaji hutumia macho kuliko miguu. Milima ya Santa Rita, Huachuca na Chiricahua imekatwakatwa na makorongo mapana, na kutoka ukingo mmoja hadi mteremko wa ng'ambo huwa mwendo wa kilomita moja, pengine mbili. Mnyama anayetafutwa huko ni kulungu wa Coues, aliyepewa jina la Elliott Coues, daktari wa jeshi la Marekani na mtaalamu wa viumbe aliyehudumu Arizona katika miaka ya 1860. Neno kulungu nalitumia kwa kuwa ndilo tulilozoea kuwaitia wanyama hawa, ingawa si jamaa wa kulungu wetu wa Afrika Mashariki: dume wa huko huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Ni mnyama mdogo ambaye ni nadra kuzidi kilo 45, mwili wake ni wa kijivu kama mawe yaliyomzunguka, na mchana hulala kivulini chini ya mialoni na mireteni, akitikisa sikio tu.

Msomaji aliyezoea habari za uwindaji wa Tanzania ataona tofauti mara moja. Mwindaji wa nyati hufuata nyayo vichakani na humfikia mnyama akiwa umbali wa mita mia moja au pungufu, kwa hiyo darubini ya macho mawili ya 8x42 au 10x42 (namba hizi nazieleza hapa chini) inamtosha kabisa, na iliyo kubwa zaidi ingemwelemea bure. Ninayoyaeleza hapa yanahusu nchi ya wazi yenye milima, ambako mtu huketi mahali pamoja saa nzima akichungua upande wa pili wa korongo.

Tuanze na namba mbili zinazoandikwa kwenye kila darubini. Katika 15x56, namba ya kwanza ni ukuzaji, yaani mnyama aliye mita 1,500 huonekana kana kwamba yuko mita 100, na namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi huishia kwenye namba ya kwanza na kudhani kwamba kadiri inavyopanda ndivyo mtu anavyoona vizuri zaidi. Si kweli, kwa sababu darubini haikuzi mnyama peke yake. Hukuza pia mtetemo wa mikono, mapigo ya moyo baada ya kupanda mlima, upepo unaosukuma mabega, na hewa ya joto inayochezacheza juu ya mawe. Kwa watu wengi, ukuzaji wa mara 10 ndio mwisho wa kushikwa mkononi kwa utulivu, na mara 12 huwezekana kwa aliyeketi na kuegemeza viwiko magotini. Kuanzia mara 15, darubini isiyofungwa mahali inampa mwenyewe picha isiyotulia hata kidogo, na macho yanachoka kabla mteremko haujamalizika.

Hilo nililijua kwa gharama. Msimu wangu wa kwanza nilipanda na darubini ya mara 15 bila stendi, kwa kuwa nilitaka kupunguza mzigo, na kwa siku mbili sikuona chochote. Mwenzangu alikuwa na 10x42 ya kawaida, lakini aliifunga juu ya stendi ya miguu mitatu, akaketi nyuma yake bila kuigusa. Asubuhi ya siku ya tatu aliniita niangalie. Nilitazama kwa dakika kadhaa nikiona mawe na majani makavu tu, kisha jiwe moja likapepesa sikio. Hapo ndipo nilipoona duara jeupe la kuzunguka jicho, halafu mstari wa mgongo, halafu mnyama mzima aliyelala pale muda wote huo. Darubini yangu kubwa ilikuwa imepita juu yake mara nyingi.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: chagua stendi kabla ya kuchagua darubini, na ukiwa na fedha za kimoja tu kati ya darubini ya mara 15 na stendi nzuri, nunua stendi, kisha ifunge darubini uliyo nayo. Stendi ya nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko ya alumini, ila bei yake iko juu. Jambo la muhimu zaidi ni kichwa chake, ambacho kinapaswa kugeuka polepole kulia na kushoto kama kinachoelea kwenye mafuta, bila kurukaruka na bila kurudi nyuma ukikiachia. Huna haja ya stendi ndefu ya kusimamia wima, kwa sababu utakuwa umeketi chini, ila miguu yake iweze kutanuka sana ili ikae imara kwenye mteremko. Siku ya upepo, tundika begi lako katikati ya miguu hiyo, uzito huo utaituliza. Kabla ya kununua darubini, hakikisha pia kwamba mbele ya bawaba yake kuna tundu lenye uzi wa skrubu, ambalo kwa kawaida hufunikwa kwa kifuniko kidogo, kwa maana bila tundu hilo utalazimika kutafuta kishikizo cha aina nyingine.

Zipo darubini zenye mtambo wa betri unaotuliza picha, na kwa anayetembea sana bila kuketi zinasaidia kweli. Kwa kazi ya kuchungua mteremko mmoja kwa saa nzima, mimi bado naamini stendi, isiyoishiwa betri na inayomruhusu mtu kuondoa macho, kunywa maji, na kurudi akakuta picha ileile mahali pale pale.

Sasa turudi kwenye mwanga. Ukigawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, unapata upana wa mwali unaotoka nyuma na kuingia jichoni: 10x42 hutoa milimita 4.2, 12x50 karibu sawa na hiyo, 15x56 hutoa 3.7, na 18x56 hutoa 3.1. Mchana wa jua kali mboni ya jicho husinyaa hadi milimita mbili au tatu, kwa hiyo zote zinatosha. Tofauti hujitokeza alfajiri na machweo, mboni inapotanuka, na hizo ndizo saa ambazo kulungu husimama na kulisha. Ndiyo sababu siwashauri watu kununua darubini ya mara 15 yenye lenzi ya milimita 42 au pungufu, hata ikiwa ndogo na ya kupendeza mkononi: mwali wake hauzidi milimita 2.8, na jioni itakuonyesha kiza mapema kuliko ya mwenzako.

Ukuzaji mkubwa una gharama nyingine mbili. Kwanza, eneo linaloonekana hupungua. Katika umbali wa mita 1,000, 10x42 nzuri huonyesha upana wa takriban mita 110 hadi 120, lakini 15x56 huishia mita 75 hivi, kwa hiyo unahitaji utaratibu wa kupitia mteremko kipande kwa kipande kama mtu anayesoma ukurasa. Pili, jua likipanda, tuseme kuanzia saa nne asubuhi, joto la mawe huyumbisha hewa na kuzaa mazigazi, na hapo ukuzaji wa mara 18 hauonyeshi zaidi ya ule wa mara 12, maana kinachokuzwa ni hewa yenyewe. Kwa sababu hizi nasimama kwenye 15x56 kwa anayewinda katika makorongo mapana, na kwenye 12x50 kwa anayetaka darubini moja tu ya kufanyia kila kitu.

Ubora wa kioo nao hujidhihirisha zaidi kadiri ukuzaji unavyoongezeka. Kasoro ambayo katika mara 8 huioni, katika mara 15 inakuwa ukingo wa zambarau kandokando ya kila pembe na kila tawi lililo mbele ya anga. Uliza kama lenzi ni za kioo maalumu cha kupunguza mtawanyiko wa rangi. Uliza pia kuhusu utando unaopakwa juu ya vioo ili visirudishe mwanga, teknolojia iliyoanzishwa na mwanafizikia Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss ya Ujerumani mwaka 1935. Leo darubini ya maana hupakwa utando huo kwa tabaka nyingi kwenye kila uso wa kioo. Prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha ionekane wima, zikiwa za aina ya Abbe-König hufanya darubini kuwa ndefu kidogo, lakini hazihitaji kioo cha kuakisi ndani yake, hivyo hupoteza mwanga kidogo, na ndizo zinazotumika katika darubini kadhaa bora zenye lenzi za milimita 56. Kuhusu maji, nunua iliyozibwa kabisa na kujazwa gesi ya naitrojeni au agoni ili isipate ukungu kwa ndani.

Dukani, usitosheke na kutazama bango la upande wa pili wa barabara. Beba rula ndogo. Ielekeze darubini kwenye mwanga wa dirisha, isiwe kamwe kwenye jua lenyewe, ishike mbele yako kwa urefu wa mkono, na utaona viduara viwili vyeupe ndani ya lenzi za machoni. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na kona za kijivu, prizimu ni duni au ni ndogo mno. Kisha weka rula juu ya kiduara kimoja na upime. Ikiwa darubini imeandikwa 30x60, kiduara kinapaswa kuwa milimita 2. Ukikuta milimita 6, basi ukuzaji wake halisi ni mara 10 tu, au lenzi ya mbele imezibwa kwa ndani, na kwa vyovyote vile maandishi yale si ya kweli. Darubini za bei ndogo zenye namba kubwa kupindukia hunaswa kwa kipimo hiki cha nusu dakika. Zile za kubadilisha ukuzaji, kama 10 hadi 30, ziache pia. Eneo lake la kuona ni finyu na mirija miwili ni rahisi kupishana.

Kupishana huko kwa mirija ndilo jambo la kuchunguza kwa makini kuliko yote. Tazama ukingo wa paa ulio mbali, kisha sogeza darubini polepole mbali na macho huku ukiendelea kutazama. Ukingo ukipanda upande mmoja na kushuka mwingine, mirija haiko sambamba, na baada ya saa mbili milimani kichwa kitakuuma. Anayevaa miwani ajaribu akiwa nayo, vikombe vinavyozunguka lenzi za machoni vikiwa vimeshushwa, na atafute darubini inayoonyesha picha nzima jicho likiwa milimita 16 au zaidi kutoka kwenye lenzi.

Uzito ufikirie mwisho, lakini usiupuuze. Darubini ya 15x56 huwa na kilo 1.2 hadi 1.4, na ukiongeza stendi pamoja na kichwa chake unakaribia kilo tatu. Wengi hubeba 10x42 kifuani ya kutazamia haraka njiani, na ile kubwa hukaa begini hadi watakapoketi. Utaratibu huo naupenda kwa sababu ya usalama pia: mwenye darubini kifuani hana sababu ya kuinua bunduki ili kukagua kitu kwa darubini ya bunduki, na kitu hicho huenda kikawa ni mtu.

Kabla ya kulipa, uliza muda unaoruhusiwa wa kurudisha bidhaa. Ndani ya muda huo, itoe darubini nje jioni moja, ifunge kwenye stendi, chagua kichaka kilicho ng'ambo ya bonde, na uendelee kukitazama hadi usiweze tena kutofautisha tawi na tawi. Linganisha muda huo na wa darubini yako ya zamani ukiwa hapo hapo.