Viraka vya quilt visibadilike ovyo
Ukitunza viraka (faili za mabadiliko ya msimbo) vya kifurushi cha programu kwa quilt, zana ya kupanga viraka hivyo, weka mstari huu kwenye faili lake la mipangilio, ~/.quiltrc:

QUILT_REFRESH_ARGS="-p ab --no-timestamps --no-index"

Halafu endesha quilt pop -a (inaondoa viraka vyote), kisha while quilt push; do quilt refresh; done (inavirudisha kimoja kimoja na kuviandika upya). Tarehe zinaondoka kwenye mistari ya --- na +++ inayotaja faili ndani ya kiraka, na njia za faili zinaanza na a/ na b/ hata folda yako iitweje. Kwa hiyo git diff inaonyesha kilichobadilika kweli. (Nilishawahi kukagua kiraka kizima, kumbe msimbo haujaguswa hata herufi.) Mwenzako asipokuwa na mstari huo, akifanya quilt refresh tu tarehe zinarudi. Toleo jipya likisogeza mistari, namba za @@ (zinazoonyesha kiraka kinaanzia mstari gani) zitabadilika tu. Hapo hakuna ujanja.